Fomu ya Kofi Ambayo Sijaisaini

Awino, nyathina, mwanangu,

Sikio langu la kushoto nililipoteza siku ya Jumatano, kama saa tano na nusu asubuhi, katika bwalo la shule moja ya wasichana huko juu ya Sondu, wewe ukiwa na miaka minne. Sikulipoteza kwa kwinini. Hiyo ya malaria kali na dripu ya kwinini ni hadithi niliyoitunga mwenyewe. Nilimwambia baba yako, nikakwambia wewe, nikamwambia kila mtu wa mtaa wetu wa Migosi aliyewahi kuniita kutoka upande huo nikapita bila kuitika. Nilipigwa kofi. Aliyenipiga alikuwa mwigizaji mwenzangu, na aliyemwambia anipige ni mimi.

Nakuandikia saa tisa hii mchana kwa sababu umeenda soko la Kibuye kutafuta begi, na nikianza kukueleza kwa mdomo utanikatiza kabla sijafika popote. Kesho saa kumi na mbili asubuhi gari la watu wa filamu litasimama hapo nje, likupeleke Mbita wiki sita, halafu Nairobi, na Nairobi ndiko utakakoishi. Sitakuandikia habari ya chakula, wala sweta, wala wanaume. Una miaka ishirini na mbili, na hayo nimeyasema mpaka mimi mwenyewe nimechoka kujisikia. Nataka tuongee juu ya ile karatasi uliyoniwekea mezani Jumapili.

Ulisema, "Mama, saini tu hapo chini. Wanataka shahidi wa familia."

Nikaisoma. Wewe unajua mimi sisaini kitu sijasoma. Imeandikwa kwamba mwigizaji amekubali kwa hiari yake kupigwa kweli katika onyesho la jikoni, na kwamba hatamdai mtu yeyote kwa lolote litakalompata.

Nikakuuliza, "Makofi mangapi?"

"Aii, Mama na hesabu. Sijui. Mpaka picha ishike."

"Mpaka ishike ni ngapi?"

Ukacheka. Halafu ukasema neno ambalo limekaa kifuani mwangu tangu siku hiyo: "Lakini Mama, si wewe ndiye ulianzisha hii? Dairekta alikusikia kwa redio. Ameniambia mama yako hakuwahi kupigwa hewa, kofi lilimgusa kweli, ndiyo maana watu walimwamini."

Nikaingia jikoni nikasonga ugali mpaka mwiko ukanichubua kiganja. Nilikujibu nikiwa huko huko, bila kukuangalia: "Sawa, nitasaini." Leo ni Ijumaa na sijasaini.

Ni kweli niliyasema hayo redioni, tena kwa maringo. Mtangazaji aliniuliza siri yangu ni nini, nikamwambia mimi sijawahi kupigwa hewa. Ningekuwa mwaminifu ningemaliza sentensi. Sasa nitaimalizia hapa.

Nilianza kuigiza bila shule yoyote ya uigizaji. Nilikuwa nauza nguo za mtumba, mitandio na blauzi, na kuna kikundi kilichokuwa kikifanya mazoezi kwenye ukumbi wa kanisa karibu na hapo. Walikosa mwanamke wa kuwa mke wa mlevi. Niliingia kuwauzia nguo, nikatoka na sehemu. Kazi yetu ilikuwa kupeleka vitabu teule mashuleni, vile vya mtihani wa kidato cha nne. Mwalimu wa fasihi anatuita, wanafunzi wanatoa kiingilio chao, tunaigiza kitabu chote kwa saa moja na nusu, tunafunga mapazia yetu, tunakimbilia shule nyingine. Shule mbili kabla ya chakula cha mchana na moja baada. Mwaka huo kitabu kilikuwa na mwanamume anayempiga mkewe makofi manne, na mke alikuwa mimi. Mume alikuwa Ouma, mtu mpole sana, mwenye mikono mikubwa kama majembe.

Kofi la jukwaani lina ufundi wake, na huu nilikufundisha ukiwa mdogo. Anayepiga anapitisha kiganja mbele ya uso wako, ameacha nafasi ya upana wa mkono. Wewe unayepigwa unagonganisha viganja vyako chini ya kifua, pale watu hawaoni, kisha unageuza kichwa. Sauti inatoka kwako. Jukwaani, watu wakiwa mbele yako wote, linadanganya vizuri kabisa.

Lakini bwalo la shule si jukwaa. Wasichana wamekaa pande tatu, wengine wamesimama juu ya meza, na wale wa pembeni wanaiona ile nafasi kati ya mkono na shavu. Tena kitabu wamekisoma. Wanajua ukurasa. Wanajua kofi liko wapi na wanalisubiri. Wiki ya kwanza kila Ouma alipopitisha mkono, bwalo zima liliimba, "Hajagusa, hajagusa," halafu kicheko, na tangu hapo tukabaki vichekesho mpaka mwisho. Mke anakufa sakafuni na wasichana wanajifuta machozi ya kucheka.

Ijumaa ya wiki hiyo nilimwambia Ouma ndani ya gari, "Kuanzia Jumatatu unipige."

"Mama Awino, wacha mchezo."

"Nipige. Sitachekwa tena na watoto."

"Mimi hata mke wangu sijawahi kumgusa."

"Mimi si mke wako. Mimi ni kazi yako."

Maneno haya niliyatoa mimi, hakuna dairekta aliyenishurutisha. Niliyaona ya kishujaa. Jumatatu akanipiga. La kwanza lilikuwa dogo, la woga, na bado bwalo likanyamaza kama limefunikwa blanketi. Nikaupenda ule ukimya, Awino. Nakwambia ukweli, niliupenda kuliko chakula. Makofi manne kwa onyesho, maonyesho matatu kwa siku, siku tano. Sitini kwa wiki. Jioni nilikuwa nafunga shavu kwa kitambaa cha maji baridi na wewe unauliza, "Mama, jino?" Nasema ndiyo, jino.

Baba yako alikuja kutuona mara moja tu. Ilikuwa Jumamosi, onyesho la watu wote, hapa hapa mjini. Alifunga kazi yake ya kutengeneza baiskeli mapema, akaoga, akavaa lile shati la harusi, akakaa mstari wa pili. Kofi la kwanza alivumilia. La pili lilinipasua mdomo ndani, damu ikatoka kidogo kwenye pembe, na nilipoinua macho nikamwona anapanda jukwaani akiwa na mafuta ya cheni bado kwenye kucha.

Ouma aliwahi kusema tu, "Baba Awino, ni mchezo." Baba yako akamvunja pua. Akamwangusha, akamkalia kifuani, akampiga ngumi nne au tano usoni, na watu, nyathina, watu walisimama wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Mwanamke mmoja alipiga kelele, "Mpige huyo, mpige sana." Wengine walirusha chupa. Ilibidi mimi niseme kwa sauti yangu, si ya yule mke, "Huyu ni mume wangu, mtoeni," na hata hapo wakacheka.

Nilimfukuza nyumbani siku hiyo. Nilimwambia ameniaibisha, ameharibu kazi, aende kwa ndugu yake. Akakaa huko siku kumi na moja. Aliniuliza swali moja tu, akiwa mlangoni na viatu mkononi: "Kwa hivyo wewe ulitaka nikae nipige makofi kama wale wengine?" Nikafunga mlango. Imenichukua miaka mingi kukubali kwamba katika ukumbi ule wote yeye peke yake ndiye aliyeona kinachofanyika. Sisi wengine wote, tuliolipwa na waliolipa, tuliona mchezo.

Sasa ile Jumatano. Ouma alikuwa amerudi kazini na pua yake hiyo, nasi tukaendelea. Ilikuwa wiki ya sita, shule ya pili ya siku hiyo, kofi la tatu. Wiki nne za sitini ni mia mbili arobaini. Mawili ya Jumamosi ile. Ishirini na manne ya Jumatatu na Jumanne. Manne ya shule ya kwanza asubuhi hiyo, na matatu haya. Kofi la mia mbili sabini na tatu. Msichana mmoja upande wa dirisha aliita jina la yule mke, kwa huruma, kama anayemwonya. Nikageuza kichwa kidogo, upana wa vidole viwili tu, na kiganja cha Ouma, badala ya shavu, kikafunika sikio lote. Upepo uliingia kwa nguvu. Nilisikia kitu kikipasuka ndani, kama mfuko wa karatasi, halafu filimbi, halafu sakafu ikainuka kuja usoni kwangu.

Wasichana walisimama. Hatukuwahi kupigiwa makofi vile mahali popote, na mimi niliyasikia kwa upande mmoja. Kitu cha moto kilikuwa kinateremka shingoni na kuingia kwenye kola. Ilibaki nusu saa ya mchezo na niliimaliza, nikiegemea meza ili nisianguke. Mwalimu akaja kutushukuru, akaniambia, "Mama, leo umekipa kitabu uhai." Nikamshukuru. Ouma alikuwa nyuma ya gari anatapika.

Siku ya pili yake aliacha kazi. Alinishika mikono akasema, "Huu mkono siutaki tena kwa uso wako, Mama Awino. Tafuta mwingine." Nilimkasirikia. Nilimwita mwoga mbele ya kikundi. Wakamleta mwanamume mwingine siku hiyo hiyo, na huyo hakuhitaji kubembelezwa. Nilimpa shavu la kulia, tukamaliza muhula. Nyumbani nikasema ni malaria, ni kwinini, kwa sababu nilijua baba yako akijua ukweli, Ouma hatabaki na pua tu ya kuuguza. Uongo wangu ulianza kwa kumlinda mtu. Kisha ukanizoea. Baba yako alikufa akiwa bado ananiuliza kila mwaka kama kuna daktari mpya wa masikio.

Baada ya hapo ikaja televisheni, na kila mtu anajua kilichonipeleka: walisikia kuna mwanamke Kisumu anayepigwa vizuri. Tamthilia ile ilienda misimu mitatu. Kwenye msimu wa kwanza nilipigwa katika vipindi tisa kati ya kumi na vitatu. Nilikuwa naomba nisimame nikiwa nimempa mwenzangu upande wa kulia ili nisikie maneno yake, na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini. Walidhani nachagua upande mzuri wa uso.

Nikawa maarufu. Siku moja Kibuye nilikuwa nachagua viazi, mwanamume mmoja akanitambua. Alikuwa na mkewe, msichana mdogo mwenye mtoto mgongoni na alama ya zamani chini ya jicho. Huyo bwana alifurahi sana. Akanishika bega, akamgeuza mkewe aniangalie. "Unamwona Mama huyu? Anapigwa kila Alhamisi kwa TV, na Ijumaa anapika. Wewe nikikugusa mara moja unakimbilia kwa mama yako."

Watu wa viazi wakacheka. Mkewe hakuinua macho. Na mimi nilifanya nini? Nilitabasamu, kwa sababu ni mtazamaji, na mtazamaji hang'atwi. Nikalipa viazi nikaenda. Nimeiigiza ile dakika upya kichwani mara nyingi kuliko mchezo wowote, na kila mara kwenye hiyo ya kichwani nampiga mimi kwa lile jiwe la mizani.

Ungedhani nilijifunza. Sikujifunza. Ilipokuja filamu nilikuwa mtu mzima, na safari hii walinipa mama mkwe. Nilikuwa wa kupiga. Mke wa mwanangu alikuwa Nyambura, binti wa wale wanaouza vyombo mjini, wazazi wake ni watu wa Nyeri lakini yeye ni mtoto wa Kisumu kabisa, Kijaluo chake ni kizuri kuliko chako. Alikuwa na miaka kumi na tisa na hiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza. Dairekta alitaka hewa. Sikia vizuri hapo: dairekta alitaka hewa. Mimi ndiye niliyesema haitoshi.

Nyambura akaniambia, "Mama, naomba isiwe kweli. Mimi nitalia tu bila kupigwa, naweza."

Nikamjibu mbele ya watu wote wa kamera: "Mimi nilipigwa mia mbili na zaidi nikiwa na mtoto wa kunyonyesha." Uongo, wewe ulikuwa na miaka minne. "Wewe unaogopa moja?"

Nyambura akakubali, angefanya nini. Tulirudia mara saba. La kwanza na la pili yalikuwa ya kazi. La tatu nilipoinua mkono sikumwona Nyambura. Niliona bwalo, niliona yule mwalimu anayenishukuru, niliona huyo bwana wa viazi, na nikapiga kwa mwili wote. Kichwa chake kiligonga kona ya kabati. Jino la pembeni likavunjika, akalitemea kwenye kiganja akaliangalia kama kitu cha mtu mwingine. Aliponiangalia hakuwa analia. Aliuliza, polepole, kwa heshima, "Mama, hilo la tatu lilikuwa la nani?"

Sikumjibu. Tukamfuta damu, tukaendelea na manne mengine, na mwisho wakatumia la tatu. Ni kwa ajili ya hilo walinipa tuzo. Hilo ndilo ulilokuwa ukiliangalia kwenye simu ukiwa darasa la saba, unarudisha nyuma, unaangalia tena, unaniambia, "Mama, uko moto." Nami nilikaa hapo kwenye kiti nikakuacha uangalie. Hapo ndipo ulipofundishwa kusaini hiyo karatasi. Haikuwa redio peke yake.

Nyambura hakuigiza tena. Ana duka la vyombo la wazazi wake sasa. Kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikivuka barabara nisipite mbele yake. Jumatano hii sikuvuka. Niliingia na fomu yako mkononi nikamwambia, "Nimekuja kukujibu. Lilikuwa langu. Halikuwa la mama mkwe, na wewe hukuwa na deni lake." Akaendelea kupanga sahani. Nikamwonyesha karatasi, akaisoma yote akiwa amesimama. Alisema, "Mwambie akatae kabla hajavaa nguo za kuigizia. Ukishavaa, ukishapakwa rangi, watu arobaini wanakusubiri na taa zimewaka, huwezi tena kusema hapana. Mimi nilisema nikiwa nimeshavaa." Halafu akaniuzia vikombe sita, akavifunga kwa gazeti. Hakunisamehe na hakunifukuza. Ndivyo ilivyokaa mpaka leo na sina haki ya kuongeza.

Sasa nikueleze jambo ambalo dairekta wako ama halijui ama analifahamu na ananyamaza. Wale wasichana wa Sondu walikuwa mia sita, macho elfu moja na mia mbili, pande tatu. Hapo hewa ilikuwa inaonekana, na hata hapo tungeweza kupanga meza upya, wote wakae mbele, tukamaliza shida kwa dakika kumi. Hakuna aliyefikiria meza. Tulifikiria shavu langu kwanza. Lakini kamera ina jicho moja. Iweke nyuma ya bega la anayepiga, nafasi haionekani hata ukiacha mkono mzima. Sauti wanaipachika baadaye. Kwenye filamu ndiko mahali ambapo kofi la kweli halina kazi yoyote. Anayelitaka hataki picha nzuri. Anataka kuona mtu akipigwa, au ni mvivu wa kusogeza kamera. Na huyo atakayekupiga, ambaye hata jina lake hukuniambia, naye atabaki na mkono wake. Ouma leo anauza vipuri Ahero na bado akinisalimia ananipa mkono wa kushoto.

Najua unachoogopa. Unaogopa ukikataa watampa mwingine sehemu yako, na inawezekana kabisa. Sitakudanganya kwamba watakuheshimu. Wanaweza kukushusha kwenye gari kabla halijafika Ahero. Wasichana wanaosubiri nafasi hiyo ni wengi, na kati yao kuna atakayesaini huku anatembea. Mimi mwenyewe ningesaini. Ningeongeza na kalamu, "Apige kwa nguvu." Ndiyo maana siwezi kukuambia cha kufanya kama mtu aliyewahi kukifanya. Nilichofanya ni hiki nilichokuandikia.

Fomu iko juu ya friji, chini ya sufuria ndogo. Nafasi ya mwigizaji umeshaijaza, nimeona. Yangu iko wazi. Nimefikiria kuichana nikaona hapana, ningekuwa nimeamua tena juu ya uso wa mtu mwingine. Kwa hivyo ni wewe utakayeamua. Ukiniambia utapigwa, nitaisaini mbele yako, majina yangu yote matatu na nambari ya kitambulisho, ili ijulikane ni nani alishuhudia. Ukiniambia hutapigwa, utampigia dairekta ukiwa hapa mezani, ukiwa na nguo zako mwenyewe, kabla gari halijapiga honi, na mimi nitakaa kando yako nisiseme neno.

Nitakuwa nimeamka. Nataka jibu kabla ya saa kumi na moja na nusu asubuhi. Usinijibu "tutaona hukohuko," usiniambie "Mama, wacha nifike kwanza," na usinikumbatie ukidhani hilo ni jibu. Mtu huyo atakupiga, au hatakupiga?

Mama yako